Programu ya kutuliza akili na mbalamwezi ya Mwaloni

Mimi ni afisa mikopo Mwanza. Nina vikundi kumi na vinane, vingi vya akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, na vichache vya mama lishe wa Igoma. Nalisema hili mapema kwa sababu ukisoma maoni ya watu kuhusu programu hizi za simu za afya ya akili utadhani wafanyakazi wote tunakaa mezani na kompyuta na kikombe cha kahawa. Ofisi yangu mimi ni ndoo iliyopinduliwa, kivuli cha turubai, na harufu ya dagaa isiyotoka kwenye nguo hata ukifua mara mbili.

Mwezi wa tatu ofisi ilitununulia programu. Watu wa rasilimali watu wakatuma kiungo na ujumbe kwamba afya yetu ni kipaumbele. Siku hiyo hiyo, saa nne usiku, kwenye kundi la wasap la tawi ikaja orodha ya mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kila mkopo na jina la afisa wake pembeni. Langu lilikuwepo mara sita. Nilijisajili usiku ule ule, kwa hasira kuliko kwa hamu. Jina la programu naliacha. Mkataba ni wa ofisi na sitaki kuitwa.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni maswali tisa. Baadaye nilijua ni yale ambayo hata madaktari wanayatumia, yanaitwa PHQ-9. Ndani ya wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu, umelala vibaya, umejiona umeshindwa, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo mwisho ni 27, na kuanzia 10 unahesabiwa kuwa na dalili za kiwango cha kati. Nilipata 14. Kesho yake nilikaa nikiitazama ile 14 ndani ya daladala ya Buhongwa hadi nikapitilizwa kituo.

Kwetu nyumbani jambo hili lina jina moja tu: mawazo. "Ana mawazo huyo." Halafu unaambiwa umwombe Mungu na upunguze kuwaza, kama vile kuwaza ni chumvi. Sikatai maombi, ninaomba. Ila kuona hali yangu imeandikwa, ina kipimo, na wapo wengine wenye hali hiyo hiyo kiasi cha kutungiwa maswali, kulinitua kitu mabegani. Kama programu ingeishia hapo, bado ningesema ilinifaa.

Mazoezi ya kupumua ndiyo niliyoyashika zaidi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, izuie kwa nne, itoe kwa nne, tulia kwa nne. Nayafanya kabla ya kupiga hodi kwa mdaiwa. Nimewahi kuyafanya juu ya bodaboda, dereva akadhani nasinzia akanigutusha. Pia kuna shajara. Unaandika wazo linalokutesa, kisha ushahidi wa kulikubali, kisha ushahidi wa kulikataa. Niliandika: "Wanakikundi wananichukia." Ushahidi wa kukubali ulikuwa mwingi. Kwenye kukataa nilikwama, hadi nikakumbuka kwamba mwenyekiti wa kikundi kimoja hunifungia dagaa kila Jumamosi, na hajawahi kunidai hata mia.

Roboti wa kuchati sina mengi naye. Kiingereza anakijua, Kiswahili anakipapasa. Kuna siku nilitoka kumdai mama aliyezika wiki iliyotangulia, nikamwandikia, "Moyo unaniuma." Akaniuliza maumivu yako upande gani wa kifua na kama yanashuka mkononi, kisha akanihimiza niwahi hospitali. Nilicheka peke yangu kitandani, na kwa kuwa ndicho kicheko pekee nilichocheka wiki ile, naye nampa alama yake.

Lakini kuna jambo sikucheka. Lile swali la tisa linauliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Nilibonyeza jibu lisilo sifuri ili nione tu programu ingefanya nini. Ikaniletea namba 988. Hiyo ni namba ya msaada ya Marekani na Kanada. Mtu aliyeko Mwanza, usiku, kwenye hali ile, anapewa namba ya bara jingine! Kama ofisi yako inataka kununua programu ya namna hii, anzeni na swali hilo hilo la tisa kabla ya kuangalia picha nzuri za kwenye tangazo. Mimi nimewaandikia wenzangu kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya kabati la chai, kwamba hospitali ya Bugando kuna kliniki ya magonjwa ya akili na mtu anaweza kwenda.

Halafu kuna sauti za usiku za kumsaidia mtu apate usingizi. Nilichagua ya kwanza. Mzungu mwenye sauti ya asali akaniambia nifumbe macho, niwaze ziwa lililotulia, mbalamwezi imelala juu ya maji. Moyo ukaanza kunidunda. Nilikuwa macho hadi saa tisa na wala sikuelewa kwa nini.

Aliyenifumbulia ni mshauri nasaha. Mkataba wetu ulikuwa na vikao vinne kwa mwaka na binadamu wa kweli, na hiki ndicho kitu bora humo ndani, japo kimefichwa chini kabisa, baada ya sauti za mvua na ndege. Tuliongea kwa simu ya kawaida maana video inakula bando. Dada yule alizungumza Kiswahili, akaniacha nilalamike kama nusu saa hivi, kisha akauliza swali moja: "Hizo alama zako huwa zinapanda siku gani?"

Sikuwa nimewahi kutazama. Programu inakuchorea grafu, na yangu ilikuwa kama meno ya msumeno: 15, 8, 16, 7. Nikachukua daftari la marejesho, nikaliweka pembeni ya simu.

Asiyeishi na ziwa nimweleze. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa taa inapoteza kazi, wavuvi wanapumzika, mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa. Mama asiyepata dagaa hana cha kuanika, asiyeanika hana cha kuuza, na ratiba yangu inamtaka alipe kila wiki, giza au mbalamwezi. Kwa hiyo kila mwezi unapojaa, marejesho ya Mwaloni yanaporomoka, jina langu linapanda kwenye orodha ya saa nne usiku, na siku chache baadaye alama zangu zinapita 14. Ikiangukia mwisho wa mwezi, ripoti zinapofungwa, ndiyo zile 15 na 16. Miezi yote ile nilikuwa nikifundishwa kupumua kwa sababu ya mbalamwezi, na dawa niliyopewa ya usingizi ikawa mbalamwezi.

Tangu hapo nimesoma kidogo. Kuna utafiti wa William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford, ulichapishwa 2024, uliotazama wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza. Waliotumia programu kama hizi, au waliopewa mafunzo ya ustahimilivu na kutulia, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Mimi nimesaidika, kwa hiyo siwezi kusema programu ni bure. Ila naelewa inakuwaje. Unaweza kumfundisha mtu kubeba gunia vizuri, mgongo ukae sawa, na gunia likabaki na kilo zile zile.

Sasa kuhusu siri. Tuliambiwa ofisi itaona idadi tu ya watumiaji, haitaona jina la mtu. Mwezi wa sita, kwenye kikao, mkubwa mmoja akatupongeza: "Tawi hili watu wanne wanaitumia kila siku." Tawi letu lina watu kumi na mmoja. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na kufika saa sita mchana wote wanne tulikuwa tumeshahesabiwa. Mmoja wetu aliifuta programu jioni ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini tawi dogo ni dogo. Idadi peke yake ni jina. Na si ofisi tu ya kuangalia. BetterHelp ya Marekani, inayotoa ushauri nasaha kwa mtandao, mwaka 2023 ilitakiwa na tume ya biashara ya huko kulipa dola milioni 7.8 kwa madai kwamba ilipeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo, Facebook ikiwemo. Mimi nilibadilisha barua pepe ya kazini nikaweka yangu. Nanyi fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa meneja nilikwenda, lakini bila grafu. Alama ni zangu. Nilimpelekea daftari la marejesho na kalenda yenye duara kila siku ya mwezi mpevu. Akaikagua, akauliza kama hayo ni mambo ya unajimu. Nikamwambia aende Mwaloni akawaulize wavuvi. Alikwenda. Wiki iliyofuata akakubali vikundi viwili vilipe ndani ya wiki za giza na vipumzike mbalamwezi, kwa majaribio, hadi Desemba. Viwili kati ya kumi na vinane. Mmoja wa akina mama aliposikia alisema, "Kumbe mnajua kuangalia juu."

Orodha ya saa nne usiku bado inakuja. Kundi nimelizima sauti kuanzia saa mbili, na hadi leo sijaulizwa.

Mkataba wa programu unaisha Machi. Vikao vyangu vinne nimevimaliza, nimeomba vingine na jibu nililopewa ni bajeti. Nikikosa, nitamtafuta yule dada nimlipe mwenyewe. Kupumua hakuhitaji mkataba. Shajara nimeihamishia kwenye daftari la shule la mwanangu, kurasa za nyuma. Roboti abaki huko huko, na yule mzungu na ziwa lake. Wiki ijayo mwezi unajaa, na siku ya Jumanne kwenye ratiba yangu, mbele ya vile vikundi viwili vya Mwaloni, pako wazi.