Darasa la mbwa huko Lang'ata na kitenzi "kufyata"

Kwa Jumamosi nne mfululizo nimekuwa nikimpeleka mbwa wangu kwenye darasa la mafunzo huko Lang'ata, kwa ada ya shilingi 6,000. Utii aliojifunza ni wa kadiri, kwa kuwa bado hunivuta kamba kila anapomwona paka, lakini Kiswahili cha mkufunzi kimenifidia ada hiyo yote.

Somo la pili lilihusu namna mbwa anavyosema kwa mwili wake, na karatasi tuliyogawiwa ilieleza kwamba mbwa mwenye hofu "huficha mkia". Mkufunzi aliiweka kando akasema kwamba mbwa haufichi mkia, anaufyata. "Hapo sasa umesema, mwalimu," akajibu bawabu mmoja wa makamo aliyetumwa na mwajiri wake, na darasa zima likacheka.

Karatasi ilikuwa imekosea kweli. Kuficha ni kukiweka kitu kisionekane, ilhali kufyata ni kukipitisha katikati ya miguu na kukibana hapo, kama mbwa afanyavyo mkia wake au mtu afanyavyo nguo aliyojifunga kiunoni. Kubana huko ndiko kunakoeleza kwa nini mtu aliyejizuia kusema huambiwa amefyata ulimi, ingawa ulimi hauna miguu ya kuubana. Kwa sauti yake kitenzi hiki huishia kama kamata, fumbata na ambata, ambavyo vyote ni vya kugusana na kushikana. Kikitiwa katika kauli ya kutendua, kama funga inavyozaa fungua, tunapata fyatua, yaani kukiachia kwa ghafla kilichokuwa kimebanwa, na kwa hiyo mtego hufyatuliwa, risasi hufyatuliwa, na hata tofali linalotolewa kwenye kalibu hufyatuliwa. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi bila kuwahi kuliona tofali na mkia wa mbwa katika ukoo mmoja.

Mkufunzi hakuishia kwenye lugha. Alitutahadharisha kwamba mbwa aliyefyata mkia akisukumwa pembeni asipate njia ya kutokea huweza kuuma, na kwamba mkia husomwa kwa kulinganishwa na ulivyo mbwa anapotulia, kwa sababu mkia wa German Shepherd huning'inia kwa kawaida ilhali wa Basenji hujikunja juu ya mgongo. Alituonyesha pia masikio yaliyolazwa nyuma, kulamba midomo pasipo chakula, miayo isiyo ya usingizi, na weupe wa jicho unaojitokeza mbwa anapogeuza uso huku akiendelea kukutazama. Mkia unaotikiswa, alisema, hauthibitishi urafiki.

Kwa upande wa huduma yenyewe sina sifa nyingi. Mbwa 14 katika ua mmoja usio na kivuli ni wengi mno, na vipindi viwili vilichelewa kuanza kwa zaidi ya nusu saa bila mtu kutuomba radhi. Ningemshauri mwenye mbwa mwoga asubiri hadi makundi yapunguzwe, ingawa walinzi na wafanyakazi wa nyumbani wangefaidika sana na somo lile la pili peke yake.

Jumamosi ya mwisho tuligawiwa karatasi mpya, zikiwa na "huficha mkia" mahali palepale. Bawabu aliazima kalamu yangu, akalikata neno hilo kwenye nakala yake, kisha akaniomba yangu alikate na huko.