Gotek ndani ya Amiga 500: tathmini baada ya miezi minne ya matumizi

Kompyuta ya Amiga 500, ya kampuni ya Commodore, ilipoingia sokoni mwaka 1987 haikuwa na diski kuu ndani yake. Mfumo wake wa Workbench, programu za kuchorea, michezo na barua za mwenye kompyuta, vyote viliingia na kutoka kupitia mlango mmoja wa disketi ulio ubavuni, upande wa kulia, na mlango huo ukiharibika kompyuta nzima hubaki ikionyesha picha ya mkono ulioshika disketi, ikiomba kitu ambacho haiwezi tena kukisoma. Hali hiyo ndiyo niliyoikuta katika Amiga niliyoinunua katika soko la mitumba hapa Hamburg: ubao mama ulikuwa mzima, kibodi ilikuwa nzima, ganda limegeuka manjano kwa uzee, lakini kiendeshi cha disketi kilikuwa kikikwaruza bila kusoma. Nilikisafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, nikapata siku chache za nafuu, kisha kikarudia yale yale. Disketi zenyewe nazo zimeadimika. Sony, kampuni iliyozianzisha zile za inchi 3.5, iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011. Ndipo nilipoamua kununua Gotek.

Gotek ni kisanduku chenye umbo na ukubwa wa kiendeshi cha kawaida cha inchi 3.5, isipokuwa kwamba mahali pa kuingizia disketi pana tundu la USB. Unachomeka flashi yenye mafaili ya nakala za disketi, na kisanduku hicho kinajibu maswali ya kompyuta kana kwamba disketi halisi inazunguka ndani yake. Hakikubuniwa kwa ajili yetu sisi tunaofufua kompyuta za zamani. Kilibuniwa kwa ajili ya mashine za viwandani, mashine za kudarizi na vinanda vya umeme, yaani vyombo vya bei kubwa ambavyo wenyewe hawakuona sababu ya kuvitupa eti kwa kuwa disketi zimekwisha madukani. Asili hiyo inaeleza mazuri yake na mapungufu yake: ni kifaa imara, cha bei nafuu, kisicho na mapambo, na kikitoka kiwandani kinaelewa lugha ya kompyuta za PC peke yake.

Hapo ndipo mnunuzi wa Amiga anapoweza kupoteza fedha zake. PC huandika sekta (vipande vya taarifa) 9 katika kila traki (duara) ya disketi ya kawaida ya aina ya DD na kupata kilobaiti 720, wakati Amiga huandika sekta 11 katika traki hiyo hiyo, kwa mpangilio wake wenyewe, na kupata kilobaiti 880. Programu ya ndani inayokuja na Gotek haiujui mpangilio huo hata kidogo. Muuzaji niliyemwagizia mtandaoni aliandika katika tangazo lake kwamba kifaa kiko tayari kwa Amiga, nami nikamlipa euro 38 kwa imani hiyo. Nilipokiwasha, kioo chake kidogo kilionyesha tarakimu tatu nyekundu, 000, na Amiga ikaendelea kunionyesha ule mkono wake. Programu ilikuwa bado ile ya kiwandani. Nilimwandikia mara mbili na sikupata jibu la maana, kwa hiyo nikaifanya kazi hiyo mwenyewe, na baada ya kuifanya nakiri kwamba si ngumu kama nilivyoogopa.

Programu inayotakiwa inaitwa FlashFloppy. Imeandikwa na Keir Fraser, naye ameitoa bure kwa kila mtu, na kwa maoni yangu thamani yote ya Gotek ndani ya Amiga inatokana na kazi ya mtu huyu. Ipo pia programu ya HxC ya Jean-François Del Nero, iliyotangulia kwa miaka na inayouzwa kwa leseni, lakini sijaitumia kwenye kifaa hiki na kwa hiyo sitaipima hapa. Kabla ya kuanza, fungua Gotek na usome maandishi yaliyo juu ya chipu kubwa. Za zamani zina chipu ya STM32, na nyingi za miaka ya karibuni, ikiwemo yangu, zina chipu ya Artery, ambayo inahitaji programu tofauti ya kuipakia. Utahitaji waya wa USB wenye vichwa vya kiume pande zote mbili, ambao si rahisi kuupata katika duka la kawaida, na jampa moja ya kuunganisha pini mbili ili chipu iamke katika hali ya kupokea programu mpya. Usiiunganishe Gotek na Amiga wakati huo. Umeme wa kompyuta unayotumia kupakia unatosha. Jambo la kufahamu ni kwamba programu ya kiwandani ikishafutwa hairudi, kwa kuwa imefungwa isinakiliwe. Baada ya hapo masahihisho yote ya FlashFloppy huingizwa kwa flashi: unaweka faili lake, unabonyeza vitufe vyote viwili, unawasha umeme, basi.

Kazi ya kuifunga ndani ya Amiga ilinichukua jioni moja, na sehemu kubwa ya muda huo niliutumia kuangalia mara ya pili kile nilichokwisha kukiangalia. Unageuza kompyuta kifudifudi, unatoa skrubu za chini, unainua ganda la juu, unachomoa waya wa kibodi na kuiweka kibodi pembeni, kisha unaondoa bati la kinga. Kiendeshi cha zamani kinashikiliwa na skrubu zake kutoka chini na kina nyaya mbili tu: waya bapa wa pini 34 unaobeba taarifa, na waya mdogo wa pini 4 unaobeba umeme. Kwenye Gotek jampa inakaa mahali palipoandikwa S0, kwa sababu Amiga inakitambua kiendeshi chake cha ndani, kile inachokiita DF0, kupitia pini hiyo.

Waya bapa ukiuchomeka kinyume hautaunguza kitu. Safu nzima ya pini upande mmoja ni ardhi ya umeme, na dalili utakayoiona ni Gotek kujiona imechaguliwa muda wote huku Amiga haisomi chochote. Waya wa umeme ni habari nyingine kabisa. Katika waya ule kuna volti 5 upande mmoja na volti 12 upande wa pili, Gotek inatumia zile 5 peke yake, na pini zake zimesimama wazi bila ukuta wa kuzuia kosa, kiasi kwamba kichwa cha waya kinaweza kuingia kinyume au kwa kuruka pini moja. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5, kifaa kinakufa papo hapo. Tafadhali usiifanye hatua hii kwa mwanga hafifu. Mimi nilipima kila pini kwa mita kabla ya kuchomeka, nikaiweka alama ya wino upande wa volti 5, na sioni kwamba nilizidisha uangalifu.

Wakati ganda liko wazi, fungua pia mlango ulio chini ya kompyuta na uangalie kipande cha kuongeza kumbukumbu, kama kipo. Kipande cha A501 kina betri ya saa iliyotiwa lehemu, na betri hizo huvuja na kula njia za shaba. Yangu ilikuwa imeanza kutoa ukungu wa kijani, nikaikata siku hiyo hiyo.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni ya umbo. Uso wa Gotek haukuchongwa kufuata tundu la ubavuni mwa Amiga 500, hivyo ukiiweka ilivyo, vitufe vyake na kioo chake vinajificha nyuma ya ganda. Nimewaona watu wakikata ganda kwa msumeno mdogo, na ninawasihi wasifanye hivyo. Commodore ilikufa mwaka 1994, na ganda lililokatwa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Kipo kishikio cha plastiki kinachochapwa kwa mashine ya 3D, ambacho kinaishika bodi ya Gotek kwa pembe inayofanya flashi itokeze pale pale kilipokuwa kitufe cha kutolea disketi. Nilikinunua kwa euro 9 na kikakaa vizuri, ingawa nilihitaji kukipiga msasa kidogo pembeni.

Nyongeza ya pili niliyoinunua ndiyo iliyobadilisha matumizi yangu yote: skrini ndogo ya OLED pamoja na kitufe cha kuzungusha, mfano wa kile cha kutafutia stesheni katika redio za zamani. Bila hivyo unabaki na tarakimu tatu, na unalazimika kukumbuka kwamba 014 ni Workbench na 027 ni disketi ya pili ya mchezo fulani. Mimi niliandika orodha kwenye karatasi, na karatasi ikapotea ndani ya wiki moja. Ukiwa na skrini, unazungusha kitufe na majina ya mafaili na folda yanapita mbele ya macho yako, unabonyeza, na disketi imeingia. Skrini yangu imeshikizwa kwenye matundu ya hewa juu ya ganda, na nyaya zake nne nyembamba zinapita katikati ya matundu hayo, kwa hiyo hakuna kilichotobolewa. Amiga inapopakia, namba ya traki inaonekana pale ikipanda na kushuka kati ya 0 na 79, na nimezoea kuitazama kuliko nilivyotarajia. Kazi iliyokuwa ikifanyika gizani ndani ya chuma sasa inaonekana.

Flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, na ndani yake liwekwe faili dogo la maandishi liitwalo FF.CFG. Mstari nilioubadilisha mwanzo ni nav-mode, nikaandika native, ili folda zionekane kwa majina yake badala ya namba. Nakala za disketi zenyewe huwa na mwisho wa adf, na kila moja ina baiti 901,120 kamili: nyuso 2, traki 80 kila uso, sekta 11 kila traki, baiti 512 kila sekta. Faili lenye pungufu au ziada ya hapo nalishuku kabla ya kulijaribu. Flashi ya gigabaiti 32 inaweza kubeba zaidi ya nakala 35,000, idadi ambayo sijui nani ataimaliza. Nakala halali za Workbench zinauzwa na kampuni ya Cloanto.

Kuandika kunafanya kazi sawasawa na kusoma. Nimechora picha katika Deluxe Paint, nikaihifadhi, nikazima kila kitu, nikaichomeka flashi kwenye kompyuta yangu ya kazini na kulikuta faili la adf limebeba picha hiyo. Katika miezi minne hakuna nakala iliyoharibika, isipokuwa moja niliyoichomoa mwenyewe kabla uandishi haujakamilika.

Kuna wanaonunua Gotek wakidhani itaiharakisha kompyuta. Haitaiharakisha. Disketi huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na Amiga inasubiri taarifa zije kwa mwendo huo huo hata kama zinatoka kwenye flashi yenye kasi kubwa. Kuisoma disketi nzima, traki zote 160, hakuwezi kuchukua chini ya sekunde 32. Kinachopungua ni muda wa kuhangaika: hakuna kujaribu tena traki iliyochakaa, hakuna kusaka disketi ya saba kati ya 11 katikati ya mchezo. Kelele nayo imeondoka. Amiga isiyo na disketi hugonga kila baada ya muda mfupi ikichungulia kama umeingiza kitu, na mlio huo umetoweka kwangu. Wanaoupenda wanaweza kuongeza spika ndogo, FlashFloppy inaukubali mpango huo.

Mipaka mingine ni ya kweli na inapaswa kujulikana kabla ya kulipa. Michezo kadhaa ililindwa isinakiliwe kwa kuandikwa traki zisizofuata kanuni, na nakala ya adf haiwezi kuzibeba. Baadhi hukubali kwa faili la aina ya hfe, na baadhi hukataa kabisa. Anayetaka kukiacha kiendeshi cha zamani mahali pake na kuiweka Gotek nje kama DF1, yaani kiendeshi cha pili, afahamu kwamba Kickstart 1.3, programu ya kuiwashia Amiga iliyo ndani ya chipu yake, haianzi kazi kutoka DF1, hivyo atahitaji swichi ya kubadilisha namba za viendeshi. Na aliyenunua kifaa hiki bila skrini, kwa tofauti ya euro chache, atarudi kununua skrini.

Kwa Gotek yenye FlashFloppy tayari, skrini, kitufe cha kuzungusha na kishikio, natoa nyota tano kati ya tano. Kwa Gotek tupu iliyotoka kiwandani natoa mbili, maana inachokupa ni bodi nzuri isiyoweza kusema lugha ya kompyuta yako.

Imebaki kazi moja ambayo Gotek haiwezi kuifanya: haisomi disketi halisi. Amiga yangu ilikuja na sanduku la disketi 31 zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, na PC ya kawaida yenye kiendeshi cha disketi haiwezi kuzisoma. Nilizihamisha kwa Greaseweazle, bodi ndogo ya USB iliyobuniwa na Keir Fraser huyo huyo, nikiiunganisha na kiendeshi cha PC kilichookolewa kwenye kompyuta mbovu. Disketi 24 zilisomeka zote, 5 zilisomeka nusu, na 2 zilikuwa zimeota kuvu. Zile 24 sasa zimo ndani ya flashi, katika folda yenye jina la rangi ya sanduku lao. Kiendeshi cha zamani nimekifunga kwa karatasi, nimekiweka ndani ya sanduku hilo hilo pamoja na skrubu zake, na siku nitakapompata fundi wa kukirekebisha kichwa chake kitarudi kazini kama DF1.