Kipimo cha madini ya damu kwa mama yangu, nimeumia sana

Naandika bado nina hasira, mnisamehe. Mama yangu anatibiwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi pamoja na ile dripu ya sisiplatini, dawa ya kuua saratani, kila wiki, na chakula kikawa hakimpiti, anasema mdomoni anasikia kama kalamba sarafu. Nikashauriwa nikampime zinki na madini mengine, nikampeleka maabara moja binafsi hapa Dar, jina naliacha.

Sasa kijana wa kutoa damu akachukua tyubu za kawaida za mfuniko mwekundu. Mi nilishaambiwa na sista wa wodini kwamba damu ya zinki ina tyubu yake maalumu, mfuniko wa bluu iliyokolea, maana mpira wa zile za kawaida unaweza kuachia zinki yake ikachanganyika na damu. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, kaka, hiyo ndo yenyewe? Akanijibu bila hata kuniangalia, "Dada, aliyesomea maabara ni wewe au mimi?" Mbele ya mama! Mama akanifinya mkono ninyamaze, nikanyamaza, na hapo ndo panaponiuma mpaka leo. Tena alimchoma mara tatu, mishipa yenyewe imechoshwa na madripu, damu inatoka kwa kuvutwavutwa, na seli nyekundu zikipasuka zinki iliyomo ndani nayo inamwagika humohumo.

Majibu yakaja zinki 168, mwisho wa kawaida kwenye fomu yao 120. Mtu ambaye wiki nzima anakula uji vijiko vinne! Eti tumuachishe vidonge vya zinki. Nikarudia kwingine, tyubu ya bluu, asubuhi hajala kitu, ikasoma 61. Daktari wake akasema hata hiyo tusiichukulie peke yake, mwili ukiwa unapambana na ugonjwa zinki ya kwenye damu hushuka na shaba hupanda.

Ila haki yao niwape, magnesiamu walipima sawa, ile tyubu nyekundu haina shida nayo. Ilikuwa chini mno, sababu sisiplatini inafanya figo ziipoteze kwenye mkojo. Kwa hilo nilishataka kuwapa nyota tatu, jamani si kila kitu walikosea.

Mpaka nikaja kuangalia tarehe na saa pale chini ya karatasi. Jibu la magnesiamu lilikuwa tayari tangu juzi yake mchana! Siku mbili limekaa kwenye droo linasubiri nilifuate, na namba yangu wanayo, maana meseji ya kudai salio waliituma bila kuchelewa. Na katika siku hizohizo mbili mama ndo alikuwa ananiamsha usiku, "mwanangu nishike vidole," vidole vimejikunja kama vimekamata kitu, mi nakaa nampaka mafuta ya kuchua nikidhani ni baridi ya feni.

Hospitali walipomuwekea dripu ya magnesiamu vidole vikaachia. Mkono uleule alionifinya nao. Nyota tatu nimezifuta, hata moja siwapi.