Plau ya Kupachikwa au ya Kukokotwa kwa Ferguson TE20

Mwenye Ferguson TE20, trekta lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, hujikuta akichagua kati ya plau ya kupachikwa, inayobebwa na trekta lenyewe na iliyoundwa kwa mfumo wa Ferguson, na plau ya kukokotwa, yenye magurudumu yake, iliyorithiwa kutoka zama za matrekta yasiyo na haidroliki, yaani mfumo wa kuinua vifaa kwa shinikizo la mafuta.

Ya kupachikwa ndiyo inayolistahili trekta hili, kwa sababu Harry Ferguson alivibuni vyote viwili vifanye kazi kama mashine moja. Mikono miwili ya chini, nyuma ya trekta, huivuta plau, na udongo ukiwa mgumu kiungo cha juu, kilicho juu ya mikono hiyo, husukumwa mbele. Msukumo huo huifanya haidroliki iinue plau kidogo, uzito ukahamia kwenye magurudumu ya nyuma, na trekta jepesi likaacha kuteleza. Kabla ya kununua, kagua matundu ya pini zinazounganisha plau na trekta: yakiwa yamelika na kurefuka, plau itayumba shambani, na rangi mpya ya kijivu huweza kuficha ufa uliochomelewa.

Ya kukokotwa ina uzuri wake, hasa pale dereva anapovuta kamba na gurudumu la plau lenyewe, likiendelea kuzunguka, likainua visu kutoka ardhini. Hata hivyo, mimi ningeifunga nyuma ya Fordson Model N, trekta la zamani ambalo halikuwa na haidroliki. Plau hiyo huchukua nafasi kubwa bandani na ni taabu kuigeuza kwenye shamba dogo, ilhali ya Ferguson huinuliwa tu, trekta likageuka na kuanza mtaro mwingine.