Kikapu cha mipira ya tenisi: nenda dukani na mipira mitatu mfukoni

Nafundisha watoto tenisi hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na moja, na katika muda huo nimenunua vikapu vitatu vya mipira. Viwili vya kwanza vilinitia hasara. Cha tatu ninacho mpaka leo, mwezi wa kumi na sita sasa, na haipiti wiki bila mzazi au kocha mwenzangu kunisimamisha getini: "Kocha, hicho umekipata wapi?" Huwa namjibu, lakini namwambia pia kwamba duka si tatizo. Tatizo ni kujua cha kukagua ukishafika dukani, na hilo mimi nililijua baada ya kutoa hela mara mbili.

Kwa ambaye hajakitumia, kikapu chenyewe ni kama tundu la kuku la waya. Chini hakina kitako kizima, kina nyaya zilizopangwa sambamba. Unakishusha juu ya mpira, unakandamiza kidogo, mpira unajibana na kupenya, basi umeshaingia, hautoki tena. Juu kina vishikio viwili virefu. Ukivikunja kwenda chini vinakuwa miguu, na kikapu kinasimama usawa wa kiuno. Unachota mpira, unarusha, unachota mwingine, macho yako yako kwa mtoto muda wote.

Mimi niliingia kwenye tenisi kwa kuokota mipira, nikiwa na miaka tisa, kama makocha wengi wa rika langu. Tulikuwa na ndoo ya rangi ya lita 20. Inaingia mipira kama sabini, mkono wake wa waya unakukata kiganja, na kila mpira unaufuata kwa kuinama. Mtu mzima mmoja akifanya mazoezi ya kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzishia mchezo, saa nzima anamaliza ndoo tatu, nne. Hesabu mwenyewe umeinama mara ngapi. Kwa hiyo nikisema kikapu ni kifaa cha kazi sawa na raketi, nasema kwa mgongo wangu. Tena mzazi analipia saa. Niliwahi kupima kwa saa ya mkononi: kwa ndoo, mimi na watoto wanne, tulitumia dakika saba kusafisha uwanja; kwa kikapu ninachokiandika hapa, dakika tatu. Ukiokota mara nne ndani ya somo moja, hizo ni dakika kumi na sita ambazo mtoto anapiga mipira badala ya kuifukuza kwenye uzio.

Kikapu cha kwanza nilikiagiza mtandaoni, cha mipira 72. Kwenye picha kilipendeza mno. Kilipofika nikakijaza mipira mipya, kikafanya kazi vizuri, nikaridhika. Shida ilianza mwezi wa pili wa kukitumia, mipira ilipoanza kuwa vipara. Mpira wa kanuni una kipenyo cha sentimita 6.54 hadi 6.86, lakini kipimo hicho ni pamoja na manyoya yake. Manyoya yakishalika kwenye saruji, mpira unasinyaa. Nyaya za kile kikapu ziliachiana mno, halafu za katikati zikazidi kupanuka kwa sababu watoto wanakandamiza kwa uzito wao wote. Siku moja nilikuwa natoka uwanjani kwenda kwenye bajaji, nikasikia tap, tap, tap nyuma yangu. Mipira ilikuwa inadondoka mmoja mmoja kama embe bovu, mpaka barabarani. Mvua za masika zilipokuja, na sisi tuko karibu na bahari, kutu ikaanzia kwenye viungo vya kuchomelea. Kabla ya Krismasi upande mmoja ulikuwa umeachia.

Cha pili kilikuwa cha plastiki, chenye magurudumu. Kutu hakijui kabisa, na kama uwanja wako ni laini kama meza utakipenda. Wetu ni wa zamani, una nyufa na mchanga, magurudumu yakawa yanakwama. Ila kilichonifanya nikiache ni kingine. Kifungo cha miguu kililegea, na jioni moja mtoto wa miaka minane alikiegemea, mguu ukakunjika, ukambana kidole. Kidole hakikuvunjika, lakini ukucha uling'oka, na mama yake alikuwa amesimama pale pale. Tangu siku hiyo sinunui kitu chenye bawaba kabla sijakikunja na kukikunjua mara ishirini mbele ya muuzaji.

Kwenda kutafuta cha tatu, nilitia mipira mitatu mfukoni: mmoja mpya, mmoja kipara, na mmoja wa rangi ya chungwa, ile mipira laini wanayochezea watoto wa miaka minane hadi kumi. Nikaenda duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo. Mwenye duka ni mzee wa makamo, mtulivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kocha. Karibu."

Nikamwomba anishushie vikapu vyote alivyonavyo, vilikuwa vitatu. Nikaweka mpira mpya sakafuni, nikakandamiza. Cha kwanza kiligoma; nililazimika kukiegemea, na mtoto wa miaka tisa hataweza hilo. Cha pili uliingia vizuri. Nikatia kipara, nikakiinua kikapu na kukitikisa kwa nguvu, kama mtu anayepepeta. Kipara kikadondoka, kikabingirika chini ya kaunta, nikakiokota.

"Kocha, usije ukanivunjia," mzee akasema.

"Nivumilie mzee wangu, nikikipata nakulipa hapa hapa."

Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote, cha mipira 50, na ndicho ambacho nisingekitazama mara mbili. Nyaya zake za chini zimeshikwa kwenye ncha tu, kwa hiyo zinazunguka. Ukikandamiza, waya unageuka pamoja na mpira badala ya kuusugua. Mpya uliingia kwa kusukuma kwa kiganja. Kipara kiliingia chenyewe, nikatikisa, kikabaki. Wa chungwa ndio niliouogopa zaidi, kwa kuwa ni laini na huweza kujiminya ukatoka. Nao ukabaki. Tulianzia shilingi laki moja na elfu tisini, tukaelewana kwa laki moja na elfu sitini na tano.

Watu wengi wanauliza kwanza kinaingiza mipira mingapi. Jiulize kwanza utakibebaje. Mpira mmoja una gramu 56 hadi 59.4. Mipira 72 ni zaidi ya kilo nne, hujaweka uzito wa kikapu. Mimi sina gari. Natoka nyumbani na begi la raketi mgongoni, kikapu kimefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa kufungia mizigo, na mipira 50 haifiki hata kilo tatu. Hiki kina kifuniko cha waya chenye ndoano, na hapo ndipo kilipowashinda wenzake wote. Kikapu kisicho na kifuniko, bodaboda ikiruka tuta moja tu, unabaki unaomba msaada kwa wapita njia. Ukiwa na gari, au klabu yako ina stoo, chukua cha 72 au zaidi, na klabu zenye uwezo hutumia toroli la mipira zaidi ya 300. Kwa kocha wa kutembea, 50 inatosha.

Miguu yake ina kofia za mpira chini. Usizidharau. Bila hizo, kwenye uwanja wa udongo miguu inazama na kikapu kinainama. Kwenye saruji iliyopakwa rangi inaacha michirizi na msimamizi wa uwanja atakufuata. Moja yangu ilipotea mwezi wa tano tangu nikinunue. Fundi viatu alinikatia kipande cha kandambili, akakibandika kwa gundi, na hakijatoka.

Upepo nao. Msimu wa kusi, jioni, kikapu kikibaki kitupu kinaangushwa kama kiti cha plastiki. Ni chepesi, na hilo huwezi kulikwepa. Nimezoea kuacha mipira kumi hivi chini, siitumii, ndiyo nanga yake. Kwa upande mwingine waya una faida ambayo ndoo haina: uwanja ukiwa na unyevu asubuhi, mipira inapitiwa na hewa na kukauka ikiwa ndani. Kwenye ndoo inabaki na maji, inakuwa mizito, na mkono wa mtoto ndio unaoumia.

Mipira mikubwa myekundu ya watoto wadogo haiingii, na usijaribu. Ina kipenyo cha sentimita 7 hadi 8. Ukilazimisha unazipinda nyaya, na baada ya hapo hata mipira ya kawaida haitakaa. Hiyo ninaibeba kwenye mfuko wa wavu, na watoto wenyewe wanaikusanya. Kwenye kona za uzio, ambako kikapu hakifiki, natumia bomba la kuokotea, lile refu la plastiki linalobeba mipira kama kumi na tano. Watoto wanagombania kulishika. Nimewapangia zamu.

Kasoro za kikapu changu zipo, nami sitazificha. Ndoano ya kifuniko ni nyembamba. Imepinda mara mbili, nikainyoosha kwa koleo. Waya umevishwa plastiki nyeupe, na kule chini mipira inakopita, plastiki imeanza kuchubuka. Mwezi wa kumi na nne niliona doa la kutu la kwanza. Nilikipeleka kwa fundi wa kuchomelea Gerezani, si kwa kuchomelea bali kwa ushauri, akaniambia nisipake rangi nene pale chini kwa sababu itaongeza unene wa waya na kubana nafasi. Alinipigia msasa, akapaka koti moja jembamba la rangi ya kuzuia kutu, shilingi elfu saba. Nakifuta kikapu kwa kitambaa kikavu kila nikirudi nyumbani, kwa sababu ya chumvi ya hewani. Na kwa mtu mzima anayetaka kusevu mfululizo, mipira 50 inaisha haraka. Wawili kati ya wanafunzi wangu wakubwa wamelalamika, na wana haki.

Niliporudi Kariakoo mwezi uliopita kununua nyuzi za raketi, nilimkuta mzee na vikapu vingine viwili vya aina hii, bei imepanda kidogo. Kipara changu, kile kilichobingirika, nilikisahau pale siku ile na bado anacho, amekiweka kwenye droo ya kaunta. Ukienda mikono mitupu, kiombe.