SQLite: STRICT inafaa, ila ANY itumie kwa kipimo

SQLite ni hifadhidata ya bure, inakaa kwenye faili moja, na imo ndani ya kila simu ya Android. Kinachokera ni ulegevu wake kwenye aina za data. Tangaza safu ya kiasi kuwa INTEGER (namba kamili), kisha ingiza '12,500'. Haikatai. Ule mkato unazuia thamani isigeuzwe namba, basi inahifadhiwa kama maandishi, na ukijumlisha kwa SUM inasoma hadi kwenye mkato na kuhesabu 12. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu.

Tangu toleo 3.37.0 la mwaka 2021 dawa ipo: andika STRICT baada ya mabano ya mwisho ya CREATE TABLE, na '12,500' itagomewa papo hapo. Aina zinazokubaliwa ni INT, INTEGER, REAL (desimali), TEXT (maandishi), BLOB (data ghafi) na ANY (chochote). VARCHAR na DATE hazipiti, kwa hiyo tarehe ziweke TEXT kwa mtindo wa 2024-05-31. Fedha ni INTEGER kwa senti. REAL itakuachia vipande vya desimali visivyoeleweka.

Namba za simu na misimbo ya bidhaa ndiyo mitego. '000123' ikiingia kwenye INTEGER inakuwa 123 hata ndani ya STRICT, kwa hiyo tumia TEXT. Kwenye jedwali la kawaida, lisilo na STRICT, usithubutu kuandika STRING: SQLite inaichukulia kama NUMERIC (namba) na sifuri zinayeyuka vilevile (ajabu, lakini ndivyo ilivyo).

ANY ndani ya STRICT haigusi thamani. '000123' inabaki hivyo hivyo. Inafaa jedwali la mipangilio: jina TEXT, thamani ANY. Kwenye mauzo iepuke, maana ukipanga kwa ORDER BY namba zote hutangulia maandishi yote.

Jedwali la zamani haligeuzwi kwa ALTER. Kagua kwanza aina zilizomo:

SELECT typeof(kiasi), COUNT(*) FROM mauzo GROUP BY 1;

Safisha mikato kwa replace(), unda jedwali jipya la STRICT, hamisha kwa INSERT INTO … SELECT, futa la zamani, kisha badilisha jina.

Kabla ya hayo yote, angalia sqlite_version(). Android 13 huja na 3.32, ambayo haifungui hifadhidata yenye STRICT. Android 14 ina 3.39. Wateja wako wakiwa na simu za zamani, pakia SQLite yako ndani ya programu, au tumia sharti la CHECK (typeof(kiasi) = 'integer'), linalofanya kazi hata kwenye matoleo ya nyuma.