Gerezani: chungu kimoja au mlo wa kila dini?

Chungu kimoja kwa wote ni rahisi: foleni moja, gharama ndogo. Lakini Mwislamu au Myahudi akipakuliwa nguruwe, ama atalala njaa ama atavunja imani yake, na hakuna hakimu aliyemhukumu adhabu hiyo.

Mlo wa kila dini hudai vyombo vya pekee na uangalizi zaidi. Hata hivyo mzigo huo hutiwa chumvi mno. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Poland ilikiuka haki ya mfungwa Mbuddha kwa kumnyima mlo usio na nyama. Haukuhitaji mapishi ya ajabu.

Nachagua huu wa pili. Penye bajeti finyu, nafaka, maharagwe na mboga huwafaa wengi, na wanaofunga Ramadhani wahifadhiwe chakula hadi magharibi.